Kupima maji yaliyo chini ya Usangu: njia nne, na ipi uanze nayo

Ukishuka basi pale Chimala mwezi wa Oktoba, ukaipa mgongo milima ya kusini, mbele yako inafunguka tambarare ya Usangu, mkoani Mbeya, kusini magharibi mwa Tanzania: majaruba makavu, udongo mweusi uliopasuka mipasuko ya kuingiza mkono, na mbali kabisa mstari wa kijani unaoelekea ardhi oevu ya Ihefu. Kwa zaidi ya miaka 30 ugomvi wa maji hapa umekuwa ugomvi wa mto. Mwaka 1993 mto Ruaha Mkuu ulikauka ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha wakati wa kiangazi, na tangu hapo kukauka kumekuwa jambo la kujirudia. Lawama zimekwenda kwa mkulima wa mpunga, kwa mfugaji, kwa mashamba makubwa, hata kwa waendeshaji wa mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu. Maji yaliyo chini ya miguu yetu hayatajwi sana, ingawa kila anayelima vitunguu au nyanya kiangazi kwa kisima kifupi anayategemea.

Sasa yameanza kutajwa. Wapo wanaosema visima virefu ndivyo vitakavyoupumzisha mto. Inawezekana. Lakini kabla ya kuchota akiba ni lazima ujue ina ukubwa gani na inajazwa na nini, na hapo ndipo watu wanapokwama: mwanafunzi anayeandaa pendekezo la utafiti, afisa wa bonde mwenye bajeti ndogo, viongozi wa chama cha umwagiliaji. Njia za kupima zipo kadhaa, kila mtaalamu anaisifu yake, na fedha zinatosha moja tu.

Nimelinganisha nne hapa: visima vya uchunguzi, upimaji wa umeme ardhini, kemia ya maji pamoja na isotopu (atomu za aina moja zinazotofautiana uzito), na setilaiti za uvutano.

Vigezo

Kigezo cha kwanza, na kwangu ndicho kikubwa, ni swali ambalo njia inalijibu. "Maji yako wapi?" si swali moja na "yanajazwa kiasi gani?", wala "yametoka wapi?". Tafiti nyingi zinaharibika hapa mapema, kwa mtu kuchukua kifaa kilichopo chuoni halafu kukitafutia swali. Kinachofuata ni muda: unahitaji siku mbili, msimu mmoja au miaka kumi kabla ya kupata jibu la kusimamia? Kisha gharama na ujuzi. Mwisho, mahali njia inapodanganya, maana kila moja ina uongo wake na Usangu inaufahamu vizuri.

Nasema Usangu inaufahamu kwa sababu ya umbile lake. Ni bonde lililodidimia, sehemu ya mfumo wa Bonde la Ufa. Mito kama Chimala, Kimani na Mbarali inateremka kwa kasi kutoka milimani, na ikifika tambarare inachoka. Inatua kokoto na mchanga kwanza, karibu na barabara kuu, halafu kadiri unavyosogea katikati ya bonde unabaki na udongo wa mfinyanzi. Milimani mvua inaweza kuwa mara mbili ya ile ya tambarare, ambayo ni kama milimita 700 kwa mwaka na hunyesha msimu mmoja tu, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Juu ya hayo, maji ya mto yanachepushwa kwenye mabanio, yaani vizuizi vya kuingizia maji mferejini, na kusambazwa majarubani kwa miezi. Ndani ya kilomita chache ardhi inabadilika, chanzo cha maji kinabadilika, na njia iliyofanya kazi vizuri Igurusi inaweza kukuangusha karibu na Ihefu.

Visima vya uchunguzi

Inajibu nini. Maji yanapanda kiasi gani baada ya mvua, yanashuka kiasi gani kiangazi, na mwaka hadi mwaka yanaelekea wapi. Kati ya njia hizi nne, hii peke yake inakaa na maji yenyewe na kuyaangalia yakibadilika. Kutoka kwenye kupanda kwa maji unaweza kukadiria kiasi kilichoingia: unazidisha kimo kilichopanda kwa sehemu ya tabaka inayoweza kuachia maji. Maji yakipanda mita 1.2 kwenye mchanga unaoachia asilimia 15 ya ujazo wake, umepata milimita 180. Yakipanda kimo hichohicho kwenye mfinyanzi unaoachia asilimia 3, umepata milimita 36. Kwa hiyo anayekuletea kimo bila kukuambia aina ya udongo hajakuletea kitu.

Muda. Hapa ndipo penye uchungu. Msimu mmoja utakupa habari za msimu huo tu. Mfano bora tulionao Tanzania ni Makutapora, karibu na Dodoma, kwenye visima vinavyoilisha maji mji mkuu. Kumbukumbu za kina cha maji zilizoanza 1955 zilipochambuliwa hadi 2010 zilionyesha jambo ambalo utafiti wa miaka mitatu usingeliona kamwe: maji hayajazwi kidogokidogo kila mwaka. Kwa miaka mfululizo kina kinashuka, halafu unakuja msimu mmoja wa mvua kubwa isiyo ya kawaida unaorudisha sehemu kubwa ya kilichopotea. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 ndizo zilizojaza kuliko zote katika kipindi hicho chote. Fikiria mwanafunzi aliyepima 1992 hadi 1996, na mwingine aliyepima 1997 hadi 1999. Wangeandika ripoti mbili zinazopingana, na wote wawili wangekuwa wamepima sawasawa.

Gharama na ujuzi. Kuchimba ndiko ghali. Baada ya hapo, tepu inayolia ikigusa maji, daftari, na mtu wa kijijini anayeaminika vinatosha kuanzia. Ukiwa na fedha zaidi, unatumbukiza kirekodi cha shinikizo kinachoandika kila saa. Usisahau kirekodi cha pili juu ya ardhi kwa ajili ya shinikizo la hewa: badiliko la milibari 10 linaonekana kama sentimita 10 za maji, na kuna watu wameshasherehekea "mvua ya usiku" ambayo ilikuwa hewa tu. Uchimbaji wenyewe unahitaji kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde, kwa Usangu ni Bonde la Rufiji, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009.

Inapodanganya. Kosa la kwanza ni kupima kisima kinachotumika. Bomba la mkono lililotoka kupigwa na akina mama ishirini asubuhi halikuonyeshi kina cha maji ya ardhini. Linakuonyesha shimo ambalo akina mama wameliacha. La pili ni mfereji. Kisima kilicho mita chache kutoka mfereji mkuu kitapanda mara banio likifunguliwa, hata kama mvua haijanyesha, nawe utaandika kuwa mvua imejaza ardhi. La tatu linaudhi zaidi kwa sababu linaepukika: urefu wa mdomo wa kisima. Mteremko wa tambarare ni mdogo mno, na ukichukua mwinuko kwa simu, yenye makosa ya mita kadhaa, ramani yako inaweza kuonyesha maji yakitiririka kuelekea milimani. Midomo ya visima lazima ipimwe kwa vifaa vya wapima ardhi.

Inamfaa nani. Taasisi itakayokuwepo miaka kumi ijayo: bodi ya bonde, chuo chenye kituo cha kudumu, chama cha umwagiliaji chenye uongozi imara. Mwanafunzi wa shahada ya uzamili anaifaidi akikuta visima vimeshawekwa na wengine. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kimeshiriki utafiti wa maji ya ardhini katika bonde la Ruaha Mkuu. Kagonge hodi kwanza kabla ya kuota ndoto za kuchimba.

Nikiri kwamba naipenda njia hii kuliko nyingine, msomaji apime maneno yangu akijua hivyo.

Upimaji wa umeme ardhini

Inajibu nini. Chini pamepangikaje: mchanga uko wapi, mfinyanzi unaishia wapi, mwamba mgumu uko kina gani. Unachomeka vijiti vinne vya chuma kwa mstari, viwili vya nje vinapitisha umeme, viwili vya ndani vinapima. Ukivitanua vya nje, umeme unazama zaidi. Mfinyanzi hupitisha umeme kirahisi, ukinzani wake kwa kawaida hauzidi omu-mita 20 hivi. Mchanga mkavu na mwamba mzima hukataa, namba zikapanda hadi mamia na maelfu. Mchanga wenye maji matamu hukaa katikati.

Muda. Siku. Timu ya watu watano inaweza kumaliza vituo kadhaa kabla jua halijawa kali.

Gharama na ujuzi. Kifaa ni ghali kununua, lakini hukodishwa, na vyuo vingi vinavyofundisha jiolojia au maji vinacho. Ujuzi unaohitajika hasa ni wa kutafsiri. Andaa pia nafasi: ukitaka kuona mita 60 chini, ujiandae kutandaza nyaya mita 300 au zaidi kwa mstari ulionyooka, jambo ambalo mpunga ukiwa shambani ni kumtafuta mwenye jaruba ubaya. Nenda baada ya mavuno, na pitia kwa mwenyekiti wa kijiji kwanza, maana watu wenye nyaya na betri katikati ya mashamba huzua maswali.

Inapodanganya. Mfinyanzi na maji ya chumvi vinafanana kabisa kwenye karatasi, vyote vikitoa namba ndogo. Katikati ya Usangu, penye udongo mweusi wa mbuga, hili si jambo la vitabuni. Tabaka la juu la mfinyanzi pia hunyonya umeme mwingi kiasi kwamba mchanga mwembamba ulio chini yake unaweza usionekane. Na kiangazi udongo uliopasuka haushikani na vijiti. Utamwagia maji ya chumvi kila kijiti hadi uchoke. Cha msingi: njia hii haipimi maji, inapima udongo na mwamba unaoweza kuwa na maji. Tofauti hiyo imewagharimu wanavijiji wengi visima vikavu, pale karatasi ya upimaji ilipochukuliwa kama ahadi.

Inamfaa nani. Anayetaka kuchimba na hajui achimbe wapi. Pia mtafiti anayechora mpaka kati ya kokoto za chini ya milima na mfinyanzi wa katikati ya bonde, kazi ambayo ingehitaji mashimo mengi sana kuifanya kwa kuchimba. Kama swali lako ni "tutumie kiasi gani kwa mwaka?", usiguse kifaa hiki.

Kemia ya maji na isotopu

Inajibu nini. Maji haya yametoka wapi, na yamekaa ardhini muda gani. Kwa Usangu ndilo swali tamu kuliko yote, kwa sababu watuhumiwa ni watatu: mvua iliyonyesha palepale tambarareni, mvua ya milimani iliyoletwa na mito ikazama kwenye kokoto, na maji ya majaruba yaliyonywea chini.

Kila mmoja ana alama yake. Molekuli chache za maji hubeba oksijeni nzito au haidrojeni nzito. Wingu likipanda mlimani hudondosha nzito kwanza, hivyo mvua ya juu huwa nyepesi kuliko ya chini. Maji yaliyosimama kwenye jaruba wiki kadhaa chini ya jua hupoteza zile nyepesi kwa mvuke, yakabaki mazito kwa namna ya pekee. Tangu 1961 inajulikana kwamba mvua ya dunia nzima hujipanga karibu na mstari mmoja wa uwiano wa isotopu hizo mbili. Maji yaliyochomwa na jua huuacha mstari huo kwa mteremko mdogo zaidi. Kwa hiyo sampuli ya kisima kilicho katikati ya skimu inaweza kukuambia kama mkulima anachota maji mapya au anachota tena maji yaleyale aliyomwagilia mwaka jana. Likiwa jibu la pili, hesabu nzima ya "visima vitaupumzisha mto" inabadilika, kwani ukipunguza maji ya mfereji umepunguza na maji ya kisima.

Muda. Mwaka mmoja unatosha kupata picha ya maana: sampuli za visima na mto mara mbili, mwisho wa mvua na mwisho wa kiangazi, na sampuli za mvua msimu mzima.

Gharama na ujuzi. Kukusanya ni rahisi: chupa ijazwe hadi juu bila kapovu ka hewa, kifuniko kikazwe, iandikwe. Maabara ndiyo inayogharimu, hasa isotopu, na mara nyingi chupa hupelekwa mbali. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki husaidia nchi wanachama katika upimaji huu, na limekuwa likiratibu mtandao wa kupima isotopu za mvua duniani tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kloraidi, sehemu ya chumvi iliyoyeyuka majini, inapimika kwa bei ndogo zaidi. Nayo ina hesabu yake: kama mvua ya milimita 700 ina miligramu 1 ya kloraidi kwa lita, na maji ya ardhini yana 20, basi kinachofika chini ni milimita 35 kwa mwaka, iliyobaki imerudi angani ikaiacha chumvi nyuma.

Inapodanganya. Hesabu hiyo ya kloraidi ni nzuri hadi unapoingia kwenye skimu. Pale mfereji unaleta kloraidi yake, mbolea yenye kloraidi ya potasiamu inaongeza, na vyoo vya mashimo vinaongeza. Itumie kwenye ardhi isiyomwagiliwa, nje ya vijiji, la sivyo utapata namba ndogo zisizo na maana. Triti nayo, haidrojeni yenye mionzi, iliyowasaidia watafiti wa zamani kwa sababu ya majaribio ya mabomu yaliyofikia kilele 1963, nusu-uhai wake, yaani muda wa kupungua kwa nusu, ni kama miaka 12.3, na kwa upande wetu wa kusini wa dunia iliyobaki ni kidogo. Siku hizi inakuambia "mapya" au "ya zamani", si zaidi. Na chombo cha mvua kilichoachwa wazi juani kitakuletea mvua yenye sura ya jaruba.

Inamfaa nani. Mwanafunzi mwenye mwaka mmoja na msimamizi mwenye maabara. Anayesuluhisha ugomvi wa nani anategemea maji ya nani. Haimfai mwenye haraka ya kuchimba.

Setilaiti za uvutano

Inajibu nini. Eneo kubwa limepata au limepoteza maji kiasi gani kwa jumla. Setilaiti mbili za GRACE, zilizorushwa Machi 2002, zilifuatana angani zikiwa mbali kwa kilomita kama 220. Maji yakiongezeka ardhini, uvutano huongezeka kidogo na umbali kati yao hubadilika. Zilimaliza kazi 2017, na zilizozirithi zikarushwa Mei 2018. Njia hii ndiyo iliyoonyesha mwaka 2009 kwamba majimbo ya Rajasthan, Punjab na Haryana, India, yalipoteza kilomita za ujazo 109 za maji ya ardhini kati ya 2002 na 2008, kwa pampu za wakulima.

Muda na gharama. Data ni bure na iko tayari. Kompyuta, intaneti na miezi michache ya kujifunza.

Inapodanganya. Ukubwa. Setilaiti hizi zinaona vizuri maeneo ya kilomita za mraba laki moja na zaidi. Kidakio chote cha Usangu, yaani eneo linalokusanya maji yake, ni kama 20,000. Ukikata kipande hicho kwenye ramani utapata mstari mzuri unaopanda na kushuka, lakini ndani yake umo Ziwa Nyasa na nusu ya nyanda za juu kusini. Ukitaka bonde lote la Rufiji, ukubwa unatosha, ila tangu Desemba 2022 bwawa la Julius Nyerere lilipoanza kujazwa, mabilioni ya mita za ujazo za maji ya juu ya ardhi yameingia kwenye kipimo hicho, na lazima yatolewe, pamoja na Mtera na unyevu wa udongo, kabla hujasema lolote kuhusu maji ya chini.

Inamfaa nani. Mtafiti wa nchi au kanda nzima, na mwanafunzi ambaye hana kabisa nauli ya kwenda uwandani lakini yuko tayari kuuliza swali la ukubwa huo. Mkulima wa Ubaruku haitamsaidia.

Ukiwa wewe ndiye unayechagua

Una shahada ya uzamili na miezi 12: chagua kemia na isotopu, ukijenga kazi yako kwenye swali la watuhumiwa watatu. Ukikuta visima vya uchunguzi vilivyokwisha kuwekwa, omba data zake ziongee na sampuli zako. Usichimbe.

Wewe ni halmashauri au RUWASA, wakala wa maji vijijini, na kijiji kinataka kisima kabla ya kiangazi kijacho: upimaji wa umeme, ufanywe na mtu atakayekuonyesha tafsiri yake na mashaka yake kwa maandishi. Kisha siku ya kuchimba, chukua sampuli ya maji kabla mitambo haijaondoka. Gharama yake ni ndogo na hutapata nafasi nzuri kama hiyo tena.

Wewe ni afisa wa bonde na bajeti inatosha jambo moja: visima vichache vya uchunguzi, vitatu au vinne kwa mstari kutoka chini ya milima hadi ukingo wa Ihefu, mbali na mifereji. Hutakuwa na ripoti ya kuvutia mwaka huu wala mwakani. Atakayekaa kwenye kiti chako miaka 20 ijayo, siku akiulizwa atoe vibali vingapi, atakuwa na kitu cha kufungua mezani.

Unaandika sera ya kanda au unalinganisha mabonde: anza na setilaiti, ukijua mipaka yake, halafu tafuta angalau kisima kimoja cha kuzithibitishia.

Na kama nyinyi ni chama cha umwagiliaji, hamna fedha za mtaalamu yeyote, lakini mnaona visima vifupi vinakauka mapema kuliko zamani, mnaweza kuanza wiki hii. Chagueni visima vitatu ambavyo havitumiki au vinatumika kidogo. Mteueni mtu mmoja, na mwingine wa kumshikia zamu akisafiri. Pimeni kutoka alama ileile ya rangi kwenye mdomo wa kisima, siku ileile ya wiki, alfajiri kabla ya watu kuteka. Andikeni tarehe, saa, kina, kama kuna aliyeteka usiku, na kama mfereji ulikuwa na maji.